Filamu yetu ya kutisha imemgeukia Bibi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 24, nimemaliza chuo hapa Dodoma mwaka huu, upande wa filamu, na ninaishi Nkuhungu kwa dada yangu. Sijawahi kuandikia safu yoyote. Naandika kwa sababu hii ni wiki ya tatu silali vizuri, na nikimgusia dada ananijibu, "Mlikuwa mnachezea mambo ya giza, mlitegemea nini?"

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa filamu fupi ya dakika 18. Tulikuwa watano. Mwalimu alitufundisha habari za gothiki, yaani hadithi za majumba ya kale yenye siri za ukoo, mlango usiofunguliwa, mgeni anayeingia usiku. Akatuonyesha filamu ya kimya ya Mjerumani Murnau ya mwaka 1922, ile yenye kivuli cha mnyonya damu kinachopanda ngazi. Nilitoka darasani nimeshaamua. Skripti niliiandika kwa siku nne: bwana tajiri asiyekufa, anakaa peke yake kwenye jumba la zamani na kunywa damu ya wageni wake. Nikaiita Kasri.

Sasa kasri Dodoma utalipata wapi? Huko Mtumba, mji wa serikali, majengo ni mapya, yanang'aa kama sahani. Rafiki yangu, ambaye ndiye alikuwa mpiga picha wetu, akasema bibi yake bado anakaa kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, huko upande wa Bahi, wakati majirani wengi wameshahamia kwenye bati. Tukaenda Agosti, siku tatu. Nilipoinama kuingia, mwili ulinisisimka. Saa sita mchana, nje jua linachoma, ndani huoni kiganja chako.

Mengi yalituendea kombo, na mengine nikiyakumbuka bado nacheka. Ukungu tuliutengeneza kwa kuchoma tairi, tukakohoa wote. Damu tulichemsha choya na sukari na unga wa ngano. Kwenye kamera ikaonekana juisi, na nzi wakaja wengi hadi maiti wetu akawa anapunga mkono kuwafukuza. Joho la mnyonya damu lilikuwa joho la mahafali la kaka yake mwenzetu. Na huyo bwana asiyekufa, kila akitoka kwa mikogo alikuwa anajigonga kichwa mlangoni, maana mlango ni mfupi. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

Usiku wa pili jenereta ya kukodi ilizima, tukakaa gizani kama saa mbili. Bibi akatoka na kigoda chake akaanza kutusimulia habari za chumba cha ndani, kile ambacho hakilaliwi. Mjukuu wake alikuwa anatutafsiria, maana Bibi hupenda kuongea Kigogo. Alisema wakati wa njaa ya Mtunya, dada mdogo wa baba yake, mtoto bado, alipelekwa kwa watu waliokuwa na mtama ili nyumbani wapate chakula. Ahadi ilikuwa mvua zikirudi watamfuata. Mkeka wake ukabaki chumbani. Tembe likichakaa likajengwa jingine, chumba kile wanakiweka tena, na mkeka ukioza wanasuka mwingine. Hapo jenereta ikawaka. Tukamwambia Bibi atatumalizia baadaye, tukakimbilia taa. Hatukukumbuka tena.

Bibi naye tulimpa sehemu, ya mtunza jumba. Haongei. Anasaga uwele kwenye jiwe kando ya koroboi, kisha anainua uso. Macho yake ni mekundu kidogo, na binti wa vipodozi akayaongezea. Tulimwachia kilo mbili za sukari na kitenge. Nadhani alijua ni picha za shule.

Siku ya kuonyesha ukumbi ulijaa. Bwana wangu alipotokea na joho lake, mtu wa nyuma akapiga vigelegele na kusema, "Hongera sana mhitimu!" Basi. Walicheka kuanzia hapo, nikatamani ardhi ipasuke. Walinyamaza mara moja tu, kwenye kipande cha Bibi. Muziki wa kinanda niliouweka uliisha mapema kwa makosa yangu ya kuediti, ikabaki sauti ya jiwe tu, halafu Bibi akainua uso. Dada mmoja alipiga kelele ya kweli.

Mwenzetu mmoja akakikata hicho kipande cha sekunde 11 akakiweka status: "Huyu bibi lazima mumuote." Kikasambaa. Kikafika kijijini. Rafiki yangu alinipigia mara moja tu tangu siku hiyo. Akasema watoto waliokuwa wanakuja kwa Bibi kuomba ubuyu sasa wakimwona wanakimbia, hakuna wa kumwambia hata mbukwa, salamu ya Kigogo. Jirani mmoja amefiwa na ndama, akasema mbele za watu, "Si mlimwona wenyewe kwenye simu?" Tangu hapo rafiki yangu hapokei simu zangu.

Wakati huohuo kuna tamasha linapokea kazi za wanafunzi hadi mwisho wa mwezi, na wenzangu watatu wanataka tuipeleke, tuiweke na YouTube, kwa kuwa klipu imeshatutangaza. Niipeleke? Rafiki yangu nimwambie nini? Na mtu aliyetengeneza filamu ya kutisha wakamcheka ukumbi mzima, aendelee na kazi hii au aombe ajira dukani kwa shemeji yake?

Mwenye Kasri, Nkuhungu


Marahaba mwanangu,

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha kuhariri picha, kwa hiyo kazi yako naielewa, na tairi lako nimelinusa hadi huku. Lakini umeanza na skripti na kumalizia na Bibi. Mimi naanza na Bibi, na tamasha litasubiri.

Jirani akishasema "si mlimwona kwenye simu", huo si umbea tena. Shinyanga, Mwanza, Tabora, akina bibi wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Na wekundu wenyewe ni wa moshi: mtu amepika miaka sitini kwa kuni, na kwa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipoadimika, ndani ya nyumba ambayo wewe mwenyewe unasema huoni kiganja mchana. Huyo binti wa vipodozi hakubuni kitu. Alichukua alama ambayo watu wameshaitumia kuua akaikoleza kwa brashi. Najua hakukusudia, wala wewe hukukusudia. Nakuambia ili usije ukafika kijijini ukaanza kueleza kwamba ilikuwa sanaa.

Rafiki yako usimpigie tena. Mfuate alipo. Usiende na maelezo marefu. Mwambie unataka kwenda kwa Bibi na huwezi kwenda bila yeye. Akikufokea, kaa. Akikataa, rudi kesho yake. Nakuhakikishia hasira zake hazitokani na filamu peke yake. Yeye ndiye aliyewapeleka nyumbani kwao, yeye ndiye aliyeshika kamera, na sasa kila akiongea na mjomba wake kwa simu anaulizwa mlileta nini pale. Anajichukia kidogo, na wewe ndiye mtu wa karibu wa kumchukia badala yake.

Mkifika, mwoneni kwanza mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mwelezeni kila kitu, pamoja na maneno ya huyo jirani na siku aliyoyasema. Mtu yeyote akimtishia Bibi, au ukuta wake ukikutwa umepigwa mawe usiku, hapo ni polisi siku hiyohiyo, msingoje kikao cha ukoo.

Kisha kuna jambo umelitaja kwa kupita, na ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingine: Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Kamera ilikuwa inawaka? Kwa wanafunzi ninavyowajua, iliwaka, maana huwa mnasahau kuizima. Nenda kwenye vile vipande mlivyovitupa. Mtafute Bibi anacheka, Bibi anapakwa rangi machoni na kuuliza itatoka lini, maiti anafukuza nzi, bwana asiyekufa anajigonga kichwa kwa mara ya tano. Unganisha dakika sita au saba, usiweke muziki. Ombeni mkutano wa kijiji, na mvionyeshe mchana chini ya mti au darasani shuleni, watoto wakae mbele. Huyo binti wa vipodozi aende naye, ampake mwenyekiti rangi ileile mbele ya watu. Watu wakishaona mwenyekiti wao ana macho ya mchawi kwa dakika tano, kisha ananawa na kurudi alivyokuwa, watakuwa na kitu cha kucheka ambacho si Bibi. Haitamrudishia jirani ndama wake, na pengine hatabadilika. Ila waliomsikiliza watapungua.

Klipu huwezi kuirudisha yote. Aliyeiweka aifute, aandike kwenye makundi yaleyale kwamba ni maigizo na kwamba anaomba radhi, naye ajitaje jina. Hili la kujitaja jina wenzako hawatalipenda.

Sasa tamasha. Jibu ni hapana kwa mwezi huu. Hata ukiacha habari ya kijiji, umeniambia "nadhani alijua ni picha za shule". Maana yake Bibi hakuombwa. Mpelekee filamu yote, dakika 18, kwenye simu au kompyuta, mjukuu wake akitafsiri, akae nayo usiku mmoja. Akisema uso wake utoke, utoe, hata kama ndicho kipande pekee kilichofanya kazi. Kilo mbili za sukari hazinunui uso wa mtu. (Na kitenge mlimchagulia nyinyi au alichagua mwenyewe? Nauliza tu.) Kuna na Bodi ya Filamu. Kuna sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya tangu 1976, na filamu ya kwenda kwa umma inapita kwao. Muulizeni mwalimu wenu kama kibali cha kazi ya darasani kinawatosha huko mnakotaka kwenda. Sidhani.

Hayo yalikuwa ya shangazi. Ya mhariri ni haya, na hapa nitakusema kidogo.

Hawakukucheka kwa kuwa filamu ilikuwa mbaya. Walicheka kwa sababu walilijua lile joho. Kila mtu kwenye ukumbi ule amelikodi, amelipigia picha, amelirudisha na doa la soda. Ungelitumia kwa mtu aliyehitimu na hapati kazi, akarudi nalo kijijini usiku na hataki kulivua, wangeogopa. Ulilivisha kwa mgeni kutoka Ulaya. Tembe nalo vilevile. Watazamaji wa Dodoma wanajua tembe ni la nani, na bwana mwenye mali za karne nne haishi humo. Umelichukua tembe ukalifanya lijifanye kitu kingine, wakati lenyewe linatosha. Mle ndani watu hulala ukuta mmoja na ng'ombe. Umewahi kukaa gizani ukasikia ng'ombe anahema upande wa pili wa ukuta, halafu akaacha? Kwenye filamu yako hakuna hata ng'ombe mmoja. Kuna kinanda cha kanisani.

Ndiyo maana makosa yako ya kuediti yalikuokoa. Kinanda kilipokatika watu wakasikia jiwe. Sauti ya uwele unaosagwa, wengi wao walilala utotoni wakiisikia, na hawajawahi kuisikia ikisimama ghafla kwa sababu msagaji amewaona. Huo ndio uoga ulioutengeneza, kwa bahati, na nakuomba usikilize tena hizo sekunde 11 ukiwa umefumba macho, bila uso wa Bibi kabisa. Nina hakika zinatisha vilevile. Kama ni hivyo basi uso haukuhitajika, wala rangi nyekundu. Mkono wake na jiwe vingetosha.

Usiku wenu najua ulikuwa na chenga tupu, maana mlipiga usiku wa manane kwa taa mbili na kamera ya kuazima. Huyo Murnau mliyeonyeshwa alipiga matukio yake mengi ya usiku mchana kweupe, kisha ukanda ukatiwa rangi ya bluu. Ndiyo maana kwenye nakala zilizokosa rangi mnyonya damu anaonekana akitembea juani. Dodoma jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na una dakika 20 hivi ambazo anga lina bluu na nyuso bado zinaonekana. Piga hapo. Jioni tatu za dakika 20 zingewapa kila kitu, na jenereta msingeikodi.

Sasa hilo la jenereta. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale inapowaka natamani isingewaka.

Mwalimu wako bila shaka aliwaambia kwamba riwaya ya kwanza ya gothiki iliandikwa na Mwingereza Horace Walpole, mwaka 1764. Inaanza na kofia ya chuma ya vita, kubwa kupita kiasi, inayomwangukia bwana harusi siku ya harusi na kumponda. Hata wewe ungeicheka ukumbini. Lakini haikuanguka bure. Babu wa mwenye kasri alilipata kasri kwa kumwekea sumu bwana wake wa zamani, na mzimu wa huyo bwana umekuja kudai. Ondoa kasri, ondoa kofia, ondoa Uingereza: kinachobaki ni nyumba ambamo kuna deni la zamani, waliokopa wamekufa, na walio hai wanalala humo wakijua. Wewe ukatoka na joho.

Bibi alikuwa amekaa mbele yako, gizani, anakupa hadithi hiyohiyo. Mtunya ilikuwa njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakabebe mizigo, kisha mvua zikagoma. Watu walikufa kwa maelfu mengi. Katika njaa hiyo familia moja inampeleka mtoto kwa wenye mtama na kula mtama ule. Mvua zinarudi. Mtoto je? Hukungoja kusikia. Lakini kila wakijenga tembe jipya wanamwekea chumba, na kila mkeka ukioza wanasuka mwingine, zaidi ya miaka mia sasa. Mwanangu, mimi nimehariri vitu vingi vya kutisha na kulala vizuri. Ule mkeka mpya kwenye chumba kisicholaliwa umenikosesha usingizi usiku mmoja.

Nakujua unachofikiria sasa hivi: turudi tukaipige hiyo. Taratibu. Hadithi hiyo ni ya ukoo wa watu na rafiki yako ni mmoja wao. Huenda hawataki itoke, na huenda mjukuu mwenyewe alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza usiku ule huku anawatafsiria. Safari hii ya kwanza kamera ibaki Nkuhungu kwa dada yako. Mkishamaliza ya mkutano na ya jirani, kaa na Bibi jioni, umsaidie hata kuchambua mlenda, na kama anataka kumalizia, amalizie. Kama hataki, kula ugali wako urudi mjini. Ikitokea miaka miwili ijayo yeye na mjukuu wake wakasema sawa, itakuwa filamu ya mjukuu, na wewe utakuwa mtu wa sauti. Nadhani hapo ndipo ulipo uwezo wako, hata kama uliugundua kwa makosa.

Duka la shemeji lisikuzuie, unaweza kufanya yote mawili. Wengi wetu tulianza hivyo.

Joho mrudishieni mwenyewe likiwa limefuliwa, maana moshi wa tairi hautoki kwa mfuo mmoja. Na mkishakaa na Bibi, kabla hujamuuliza kama mtoto alirudi, muulize aliitwa nani.

Shangazi